Bakili na Viatu vya Mlangoni

Bakili anauza viatu vya mtumba Mchikichini, meza ya pili kutoka kwangu mimi muuza mapazia, na jioni anaimba kwenye bendi ya roki. Ndiyo, roki, hapa hapa Ilala. Niliwahi kwenda kuwasikiliza Buguruni, nikarudi kichwa kinanigonga na sikuambulia hata neno moja. Waliokuwa wanakula chipsi waliomba sauti ipunguzwe.

Hilo la maneno kutosikika lilimkera kuliko kukosa wateja, maana maneno anayatunga mwenyewe, anayawaza huku anasugua viatu. Wimbo mkubwa wa albamu yao aliutunga baada ya mama yake kufariki. Mama huyo alimleta Dar kutoka Masasi akiwa mgongoni, akamfundisha kazi hii. Alipokufa, viatu vyake vilibaki mlangoni pa chumba walichopanga, na Bakili, anayeuza viatu kutwa, ameshindwa kuvisogeza. Alitaka atokee mtu mmoja tu ausikie wimbo ule na kuuelewa.

Basi asubuhi moja akaondoa kwenye spika yake ya kunadia ule mwito wa "chagua mwenyewe, chagua", akaweka wimbo, gitaa tupu bila ngoma. Ukawa unajirudia: "Uliondoka hukuaga, viatu vimebaki mlangoni."

Jamani, mtumba wenyewe tangu zamani watu wanauita kafa Ulaya, kana kwamba kila kitu kimeachwa na Mzungu aliyekufa! Leticia, mama lishe wetu, alisimama na raba mkononi akauliza taratibu kama mwenye raba aliugua au alipata ajali. Bakili akamweleza kwamba ule ni wimbo tu. Leticia akasema anaelewa, akampa pole, akamwomba aifikishe kwa wafiwa huko Ulaya.

Kufika adhuhuri watu walikuwa wamejaa. Walimsifu kwamba hatimaye amepatikana muuza mtumba mkweli. Kila jozi walitaka wasimuliwe habari za marehemu, na buti moja zuri lilikosa mnunuzi kwa kuwa kisigino kimelika upande, wakasema mwenyewe lazima alikuwa mkorofi. Ansbert wa sidiria akaomba wimbo auweke kwenye spika yake, wa mashuka naye akaomba, na mimi pia, sikatai. Wiki ile soko zima lilikuwa linaomboleza, na biashara ilikwenda vizuri mno.

Hivyo ndivyo albamu ilivyovuma. Redio zikaupiga wimbo, bendi ikapata ukumbi Kariakoo, na tiketi zikaisha. Bakili badala ya kufurahi alikuwa amenuna. Aliniambia watu wote wale wanawalilia Wazungu wasiowajua, na mama yake hakuna anayemjua. Nikamwambia ashukuru wanakuja.

Ukumbini alipofika kwenye "viatu vimebaki mlangoni", akanyamaza kidogo, kama wimbo unavyotaka. Hapo watu wote, kwa mazoea ya sokoni, wakamuuliza kwa pamoja:

"Namba ngapi?"

Nilidhani atalitupa gitaa ashuke jukwaani. Badala yake akaisogelea maikrofoni.

"Thelathini na saba," akasema. "Ni vya mama yangu. Haviuzwi."

Hakuna aliyecheka. Mimi nililia, na sikuwahi kudhani roki itakuja kuniliza.

Kesho yake Leticia alikuja kabla Bakili hajamaliza kupanga meza. Akavua ndala, akaketi kwenye mkeka uliotandikwa kando ya meza kama mtu aliyekuja msibani, akampa pole ya mama. Akamuuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, na Bakili akaanza kusimulia, akasahau hata kuwasha spika.

Mteja mmoja akapita, akaziona zile ndala pembeni ya mkeka, akaokota moja na kuuliza namba ngapi. Bakili akampokonya huku anacheka, machozi bado yanamtoka.

"Hiyo iache, kaka," akamwambia. "Mwenyewe yupo."