Kurasa Sita za Manjano

Najua mtacheka, na mcheke tu, maana haya yalinipata mbele ya watu ishirini na wawili waliovaa tai, na hadi leo nikikutana na mmoja wao mjini ananiuliza kama bado nimekwama kwenye matope. Basi afadhali msikie kwangu mwenyewe, hao wengine wanaongeza chumvi.

Nilikuwa taipisti katika ofisi moja ya ghorofa ya tano, katikati ya Nairobi, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, na nilikuwa sijathibitishwa kazini (barua ya kuthibitishwa ilikuwa ije mwezi uleule, na bila hiyo barua unaweza kufukuzwa hata kwa kupiga chafya). Nyumbani kwangu Kabiria hakukuwa na stima, kwa hivyo hadithi yangu nilikuwa naiandika ofisini saa ya chakula, wenzangu wakiwa wameenda kula. Ilikuwa inamhusu msichana wa leo, wigi kichwani na viatu vya soli nene, anayeingia kwenye lifti ateremke aende zake nyumbani, mlango unafunguka na hakuna barabara, kuna kinamasi, mahema, na punda milia wanakula nyasi pale tunapopanga foleni ya basi, reli ndiyo kwanza imefika. Anatoka, soli zinazama matopeni, na anayemvuta ni kijana wa kupanga mataruma ya reli, Simiyu, aliyekuja kwa miguu kutoka kwetu magharibi. Mapenzi yakaanzia hapo. Simiyu hana redio wala saa, lakini ukimuuliza jambo anafikiri kwanza, anajikuna sikio la kushoto, kisha anakwambia ukweli.

Sasa, katika jengo letu lote mtu wa kujikuna sikio la kushoto alikuwa mmoja tu, Bwana Barasa wa chumba cha mafaili, na mimi nilibadilisha jina nikasahau kubadilisha sikio. (Sikusahau. Nililipenda lile sikio.)

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Nilitaka nakala moja nimtumie dada yangu, na karatasi nyepesi iliyokuwa mezani ilikuwa ya manjano. Mliofanya kazi ofisini mnajua mambo hayo: kila barua inayotoka, nakala yake ya manjano inafungwa kwenye faili ya kuzunguka, na faili inapita meza hadi meza ili kila mkubwa asome na kutia sahihi kwamba ameona. Nikapiga kurasa sita kwa kaboni, jina langu juu, nakala nikaziacha kwenye trei, nikaenda kunawa mikono. Tarishi wetu, Mzee Oloo, hakuwa mtu wa kusoma barua za watu. Aliona manjano, akachukua manjano, akatoboa matundu na kuzifunga kwenye faili.

Nilizitafuta siku tatu. Siku ya nne Nasreen, taipisti mkuu, Mhindi wa Parklands, akaja akainama mezani kwangu.

"Rispa, nani alikwambia watu wa mahema walipika na kuni? Babu yangu alikuwa na duka hapo hapo, ndani ya hema. Alikuwa anauza makaa."

"Umesoma wapi?"

"Kwa faili. Sisi wote tumesoma."

Jioni ileile bosi wetu, Bwana Ndirangu, akatuita wote kwenye chumba cha mikutano, faili mkononi.

"Miss Rispa, simama. Utasoma hii upuzi yako hapa mbele ya kila mtu, halafu utaomba msamaha, halafu mimi nitaamua kama utapata barua yako."

Nilianza kwa sauti ya kuku mgonjwa. Nilipofika kwenye sikio, vichwa vyote vikamgeukia Barasa, na maskini, mkono wake ulikuwa umeshafika sikioni. Chumba kizima kikaangua kicheko. Niliona aibu mpaka macho yakaniwasha, nikainamia zile karatasi, na hapo ndipo nikaona sahihi pembeni. Kwa kawaida mtu hutia sahihi moja, ukurasa wa kwanza, yamekwisha. Ya Bwana Ndirangu ilikuwa kwenye kurasa zote sita. Hasira ikanipanda, sauti ikarudi, nikasoma mpaka nukta ya mwisho.

"Sasa omba msamaha," akasema.

"Kwa karatasi za ofisi naomba msamaha, bwana. Kwa hadithi siombi. Kama ni upuzi, mbona umetia sahihi mpaka mwisho?"

Kisha Barasa akainua mkono.

"Bwana, samahani, mimi niko na swali. Huyu msichana anarudi na lifti ama anabaki?"

"Kaa chini, Barasa!"

Barua yangu ilicheleweshwa miezi sita, na niliila hiyo miezi bila kulia mbele ya mtu. Ukurasa wa saba niliupiga kesho yake, karatasi nyeupe, bila kaboni, nikaupeleka chumba cha mafaili kwa mkono wangu. Msichana alikuwa anabaki. Barasa akasoma, akafikiri, akajikuna.

"Hapana," akasema. "Mwache arudi kwa kazi yake. Lakini huyo Simiyu apande lifti na yeye."

Karatasi ya manjano sijaigusa tena, hata ya kufungia sukari. Kuandika sijaacha, na msamaha sikuomba na siombi. Na huyo mwenye sikio yuko hapo nje anachoma mahindi yenu, nendeni mkamuulize kama ulikuwa upuzi.