Vitabu Vilivyopita Mlangoni Mwetu

Mwalimu mkuu hakuuliza umri wa wanangu. Aliwaambia wapitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, washike sikio la kushoto. Ndivyo watoto walivyopimwa kuingia darasa la kwanza miaka hiyo ya themanini, maana wengi wetu tulizalia nyumbani na vyeti hatukuwa navyo. Mkono ukifika, mtoto amekua. Usipofika, arudi mwakani.

Wanangu ni pacha, wa kike na wa kiume. Wa kike alikuwa mrefu kama babake. Alilikamata sikio na kulivuta kabisa. Wa kiume alikuwa mfupi wa maungo. Vidole vyake viliishia kwenye nywele.

"Huyu aingie," mwalimu akasema. "Huyu bado."

"Mwalimu, wamezaliwa siku moja."

"Mama, mkono hausemi uongo."

"Na wangu hauchagui," nikamjibu, nikawashika wote wawili, huyu huku na huyu huku, tukatoka.

Nyumbani Mjambere, mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikuwa uani akipepeta mchele. Alituona akauweka ungo chini.

"Mbona warudi nao wote?"

"Nitawasomesha mimi, mama."

"Kwa vitabu gani, mwanangu? Mumeo asukuma mkokoteni sokoni Kongowea, hauzi vitabu."

Alisema kweli. Mimi niliishia darasa la saba, na nyumba nzima ilikuwa na Msahafu na juzuu ambazo watoto walikwenda nazo chuoni, kusoma Kurani, kila alasiri. Lakini chuoni ndiko nilikopata pa kuanzia. Kule hakuna aliyewapima masikio; mtoto akikaa mkekani, amekaa. Na walikuwa wamekwisha kujua siri kubwa ya kusoma: kwamba alama ni sauti, na sauti mbili zikishikana huzaa neno. Mimi nilikuwa na kazi ya kubadilisha alama tu. Nikachukua kipande cha mkaa, nikaandika kwenye ukuta wa uani: ba, be, bi, bo, bu.

Nawe ukitaka kumfundisha mwanao, usimlemeze kwa majina ya herufi. Mpe sauti. Andika "ba", kisha "ba" nyingine ubavuni pake, halafu unyamaze. Usimsaidie. Atatikisa kichwa, atakuna mguu, kisha atacheka mwenyewe pale atakapomkuta babake ukutani. Kicheko hicho hakinunuliwi.

Mume wangu aliniletea kila karatasi aliyoiokota sokoni: pakiti za unga, maboksi, magazeti yaliyofungiwa ndimu. Habari zenyewe zilikuwa zimechanwa, hazina mwanzo wala mwisho. Moja ilikuwa ya mpira, ikakatika timu zikiwa sare, na wanangu wakabishana wiki nzima nani alishinda. Niliwaacha wabishane. Kumalizia habari iliyokatika nako ni kusoma.

Ila vitabu vyetu bora vilipita mlangoni kwa miguu yao. Kila leso, yaani kanga, ina jina lake, yale maneno yaliyopigwa chapa karibu na pindo, kwa herufi kubwa nyeusi zinazomfaa mtoto. Asubuhi tulikaa barazani, na wanawake wa mtaa wakapita kwenda kisimani na sokoni, kila mmoja na ukurasa wake mgongoni. Kesho yake walibadilisha leso, nasi tukapata kitabu kipya bila kumwomba mtu.

Jirani yetu wa nyumba ya pili alituona kichekesho. "Shule ya barazani!" alikuwa akisema, apite polepole makusudi. "Mwalimu hana chaki, wanafunzi hawana viatu. Shoga, mtihani lini?"

Siku moja aliposema hivyo akatupa mgongo, mwanangu wa kiume akashuka barazani, akamfuata kwa kidole: "Nyu-mba si ya-ko, mo-shi wa-ku-hu-su ni-ni."

Jirani akageuka. "Wanitukana, we mtoto?"

"Hasha, shoga," nikamwambia. "Akusoma tu."

Mavyaa wangu alicheka hadi akashika ukuta. Toka siku hiyo akawa mkaguzi wetu. Kila leso aliyovaa, ilibidi asomwe kwanza ndipo atoke.

Mwaka ulipozunguka nikawarudisha shuleni. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama na watoto wao ukutani. Wa kiume alijinyoosha mpaka akasimama kwa vidole vya miguu, lakini sikio bado lilimshinda kidogo. Akaja wa kike. Akapitisha mkono juu ya kichwa, ukakomea nywelini, pale pale ulipokomea wa nduguye.

Mwalimu akamtazama. "Si wewe mwaka jana ulilivuta hili sikio?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Sasa mkono umefupika?"

"Waungoja wa mwenzangu."

Wallahi sikumfundisha hilo. Mwalimu akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyeukunja ule mkono. "Mama, wampotezea huyu binti mwaka mwengine."

Neno hilo liliniingia, maana nafasi ilikuwa ya binti yangu, si yangu, na alikuwa anaitupa. Lakini sikurudi nyuma. "Hapotei, mwalimu. Asoma."

"Asoma nini?"

Kabla sijajibu, wa kiume alikuwa amekwisha kugeukia ukuta. "Hapa pameandikwa, 'Usiteme mate.'"

"Na chini yake pana mate," akaongeza dadake.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwalimu akautazama ukuta, akawatazama wale wawili, mikono yao ingali vichwani.

"Shusheni mikono," akasema. Akawaandika wote.

Nilimwambia ahsante mara moja, sikuiongeza ya pili. Hakunipa kitu, alirudisha alichokuwa amekizuia.

Juma lile lile, asubuhi, jirani yule alisimama mbele ya baraza yetu amemshika mwanawe wa mwisho. Hakuwa na mzaha.

"Huyu naye wamemrudisha," akasema. "Mkono haufiki."

Nikasogea, nikampa mtoto nafasi mkekani.

"Mketishe," nikamwambia. "Nawe geuka, shoga, tuone leso yako yasemaje leo."