Namba za Marwick

Msimu ule wa mwaka 1921 Anton Hruska alikuwa na majina matatu, na hakuna hata moja lililomkaa sawasawa. Kwao Beldon, Ohio, alikuwa Anton. Marwick, alikocheza Jumapili tano, alikuwa Joe Kelly. Kwingine kote alikuwa Smith, kama nusu ya wachezaji wenzake. Mpira wa kulipwa wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi hadi kuvuka mstari wa wapinzani, ulikuwa bado mchanga, watu wakihamahama kila wiki kumfuata aliyewaita, na majina ya bandia hayakumshangaza mtu.

Mkewe Ludmila, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa amechoka.

"Mtoto akija nimwambie baba yake nani? Kelly au Smith?"

"Vumilia, Luda. Jumapili hii mambo yanaisha."

Bwana Teague, mwenye kiwanda cha vioo na timu ya Beldon, alikuwa amempa neno lake: akiwachezea Beldon nao wakiwafunga Marwick, Jumatatu Anton anaanza kazi kwenye tanuri, na habari ya treni kila wiki imekwisha.

Jumapili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Timu zote mbili zilivaa fulana za kahawia, sijui kwa akili ya nani, na matope yakamalizia tofauti iliyobaki. Beldon waliongoza sita kwa tatu. Anton alikuwa amegongwa kichwani mara mbili, na ile kofia ya ngozi haikumfaa kitu. Akawa anatazama viatu vya watu apate kujua nani ni nani.

Dakika ya mwisho Marwick walikuwa na mpira, hatua nne tu kutoka mstari wa Beldon. Kila timu huwa na namba zake: mmoja anazitaja kwa sauti, wenzake wanajua nani aende wapi. Brennan, mtaja namba wa Marwick, akapaza sauti: "Kumi na nne! Saba! Thelathini!"

Anton aliijua hiyo. Thelathini, Kelly anasogea kushoto, anamtoa mtu njiani. Kichwa kilikuwa bado kinajiuliza namba hizo ni za nani, miguu ikawa imeshajibu. Alisogea kushoto, akamkumba jamaa mmoja kwa bega, akamlaza chini kiufundi kabisa. Mwenye mpira akapita hapohapo, akavuka mstari, na mechi ikawa ya Marwick. Anton akanyanyua mikono juu kwa furaha.

Aliyelala chini akatema matope. Alikuwa Stipek, mwenzake wa timu ya Beldon na jirani yake wa mlango wa pili.

"Anton! Ndugu yangu, unanifanyia nini?"

Brennan akaja mbio, akampiga Anton mgongoni. "Kelly! Kumbe hujatusahau!"

Uwanja mzima ulisikia. Bwana Teague akamsogelea.

"Wamekupa nini?"

"Sijapewa kitu, bosi. Nilisikia namba tu."

"Basi nenda kazisikilize hukohuko."

Ludmila alikuwa amesimama kwenye kamba ya kuzunguka uwanja, mkono tumboni.

"Niambie mimi. Umeiuza mechi?"

"Sijaiuza."

"Kweli?"

Anton alitaka kuapa, akashindwa. Aliogopa.

"Walipovuka mstari nilifurahi, Luda. Sijui nani alifurahi."

Ludmila akatoa kitambaa, akamfuta matope usoni taratibu, akimtazama kila alipofuta.

Jumatatu filimbi ya kiwanda ilipolia, Anton alikuwa stesheni, akingoja treni ya Marwick.