Madirisha ya Mama Mkwe

Naandika haya bado nina aibu. Nimeolewa juzi tu hapa Mtendeni, na natamani sana mama mkwe anipende.

Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, alifunga madirisha mawili ya sebuleni ili ubaridi wa asubuhi usitoke. Nilibaki kupika. Nikaogopa wageni aliowaalika baada ya ibada watakuta joto, nikayafungua, kama tunavyofanya kwetu Ipole kwenye nyumba ya nyasi. Kumbe hewa ya mchana ndiyo iliyoleta joto. Sebule ikawa kama bani la kukaushia tumbaku. Mama mkwe akarudi na wageni, wakajipepea kwa vitenge.

"Mwanangu, nani kafungua?"

"Upepo, mama."

Akasogea dirishani. "Na upepo ndio ulioyabana kwa ndala zako?"

Wageni wote wakatazama miguu yangu. Nilikuwa pekupeku.