Koti la Saa Saba Mchana

Juzi, kwenye benchi la kliniki moja hapa Mpanda, nilikaa jirani na mzee mfugaji aliyevaa koti zito saa saba mchana. Mkono wa koti ulipopanda, nikaona mabaka mekundu yenye magamba. Nikasogea mbali naye. Nakiri.

Daktari alikuja kumweleza kuwa anampa rufaa, akatibiwe kwa mashine ya mwanga.

"Nimechunga ng'ombe juani miaka yote," mzee aling'aka, "leo nisafiri kufuata mwanga?"

Daktari akagusa kifungo cha koti. "Hili ulianza kulivaa lini, baba?"

"Tangu watu walipoanza kukataa mkono wangu."

"Basi jua limelipata koti, wewe halijakupata. Tena mwanga wa mashine unapimwa, wa machungani haupimwi. Wengi wakitibiwa hivyo, ngozi yao inatulia."

Kisha akaushika mkono wenye mabaka, akatugeukia sisi wagonjwa wengine benchini. "Na nyie, ugonjwa huu hauambukizi."

Mzee akavua koti, akalikunja, akapokea karatasi ya rufaa. Kwa aibu, nikamnyooshea mkono kumtakia safari njema. Aliutazama kwanza, mbele na nyuma, kama anayehofia nitamwambukiza, ndipo akaupokea.