Maji ya Magotini

Muuza vitabu yule hakuwahi kukwambia kitabu ni kizuri; aliuliza kwanza nani atakisoma. Kwenye rafu ya michezo ya mezani, ile ya kurusha dadu na kujifanya mashujaa wa nchi za kubuni, kulikuwa na mwongozo mnene wa nchi moja ya namna hiyo. Kila alipoulizwa habari zake, aliupapasa mgongo kama anayebembeleza mtoto alale, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Wapenda vita watauchoka mapema. Wapenda siri watakesha nao. Anayeanza leo aanze na ramani, mengine yatamjia.”

Alasiri moja akaingia mama mmoja. Dada yake alikuwa kitandani, miguu haimbebi tena, naye alitafuta mchezo wa kucheza pamoja naye.

“Dada alikuwa anapenda nini, mama?”

“Kutembea, mwanangu. Alikuwa kiguu na njia.”

Muuza vitabu akayaruka mazimwi na majumba ya wafalme, akafungua sura ambayo wateja wote huipita mbio, sura ya njia na mito. Akasoma polepole, macho nusu yamefumba, kidole kikiifuata ramani, hata duka likaanza kunukia majani mabichi.

“Anzieni hapa kivukoni,” akanong’ona. “Maji ni ya magotini tu, na hayana mkondo. Mshike mkono.”

Mama yule akaitazama sakafu kwa makini, na taratibu, bila kujijua, akainua upindo wa gauni lake.