Dalali wa pickup alinigombanisha na shemeji yangu fundi, na mimi nikamsaidia kazi

Wakuu, poleni na majukumu.

Hili nimekaa nalo miezi kadhaa, leo naliweka hapa. Sitapamba kitu, na palipo na upumbavu wangu nitapasema.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Rahaleo, Mtwara. Kwa asili simwamini mtu. Mke wangu anasema nikisalimiwa tu nafikiria kwanza huyu anataka nini. Ni kweli, na nilikuwa najisifia.

Mwaka jana nikataka pickup ya kupelekea wateja saruji na bati. Watu wanajenga sana huko Mtawanya, na kukodi usafiri kila siku kulikuwa kunanimaliza.

Nikaunganishwa na dalali mmoja. Mtu wa makamo, mpole, shati limenyooka. Akasema kuna pickup iko Shangani, ya mama mmoja wa ofisini.

"Haijawahi kubeba hata gunia la mkaa, kaka."

Hapo hapo nikasema moyoni, muongo huyu. Mama wa ofisini anunue pickup ya nini?

Nikaenda asubuhi mapema. Nikaweka mkono kwenye boneti, ya moto. Namuuliza mbona injini imeshachemka, anasema ameiosha, akaiwasha ikauke. (Wakuu, ukikuta gari imepashwa moto kabla hujafika, ujue kuna kitu hawataki ukisikie ikiwaka ikiwa baridi.)

Tukiwa pale simu yake ikaita. Eti mteja wa Masasi yuko njiani na hela yake. Nikacheka. Huyo mteja wa Masasi namjua, kila muuzaji anaye.

Yaani mpaka hapo nilikuwa macho kabisa. Nikamwambia nitarudi na fundi wangu.

Fundi mwenyewe ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ana gereji yake, maneno machache, mikono safi kikazi. Na kwetu Wamakonde kaka wa mke si mtu wa kutaniana naye tu. Ni mjomba wa watoto wako, na mjomba ndiye mwenye watoto. Binti akiposwa, wageni wanamuulizia yeye kabla yako wewe baba.

Shemeji akaingia chini ya gari na bisibisi. Chini kote kumepakwa rangi nyeusi inang'aa. Akakwangua, akagonga gonga, akatoka. Akainua mkeka wa kwenye bodi, akapitisha kidole pembeni, akakionja.

"Hii ilikuwa inabeba chumvi, shemeji. Chasisi imekwisha. Achana nayo."

Dalali hakubisha. Alimwangalia shemeji, akaniangalia mimi, akasema haya, hakuna shida. Tukaagana vizuri.

Kesho yake akaja dukani peke yake.

"Kaka, jana sikutaka kusema mbele yake. Ulipoenda kupokea simu, shemeji yako alitaka nimwekee cha juu. Nilipomkatalia ndio akaanza kuiponda. Ana pickup nyingine pale gereji, anataka uchukue ile. Usiniamini mimi, nenda kaangalie mwenyewe."

Usiniamini mimi. Wakuu, hayo maneno yaliniingia. Kwa mtu kama mimi ile ni lugha ya nyumbani.

Na kweli kuna dakika chache niliwaacha wawili.

Nikaenda gereji. Pickup ipo, imefunikwa turubai. Nikamuuliza shemeji kama inauzwa.

"Mwenyewe yuko Newala, kasema akipata mtu atauza. Kwani vipi?"

Lilikuwa jibu la mtu asiye na cha kuficha. Mimi nikalisikia kama mtu anakiri kosa.

Nikamwambia, mbele ya mafundi wake na wateja wawili, "Kumbe ndiyo maana unaponda gari za wenzako."

Akaweka spana chini. Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Haya, shemeji. Kanunue."

Hakujitetea hata kidogo, na hilo nalo nikalichukua kuwa ushahidi. Nikanunua.

Haikumaliza miezi miwili. Nimepakia saruji naelekea Mtawanya, nikaingia kwenye shimo la kawaida tu, nikasikia mlio chini, bodi ikalala upande. Fundi wa jirani alipoipiga jeki akaniita nione. Chasisi imekatika pale pale penye rangi nzuri. Ndani walishindilia matambara, juu yake puti, juu yake rangi.

Nikampigia dalali nikijua atakuwa amezima simu. Akapokea, na upole wake ule ule.

"Kaka, si ulikuja na fundi? Fundi wako alikwambiaje?"

Nikakata simu. Nilikaa juu ya mifuko ya saruji pale barabarani, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mke wangu alikuwa ameshasikia niliyoyasema gereji. Hakugomba. Alisema tu, "Ungeniuliza mimi kwanza."

Sasa ikaja posa ya binti yetu mkubwa. Wageni ni watu wa vijiji vya huko mtoni Ruvuma, wana ndugu zao ng'ambo Msumbiji, Wamakonde wenzetu. Taratibu wanazijua. Wakanywa chai, kisha mzee wao akauliza, "Mjomba wa binti yuko wapi?"

Nikasema amepata dharura. Wakatazamana.

"Basi tutarudi akiwepo," mzee akasema kwa adabu, wakainuka. Binti yangu alikuwa nyuma ya pazia, alisikia yote.

Asubuhi nikaenda gereji. Nikaomba radhi mbele ya mafundi wale wale, sikuficha neno. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yule ni mwanangu. Nitakuja kwa ajili yake."

Nikasubiri aendelee. Akarudi chini ya gari.

Alikuja kweli. Alizungumza vizuri, posa ikapita, binti akalia kwa furaha. Wakati wa kuondoka aliaga wageni wote, akamuaga dada yake, akamwombea dua binti. Mimi nilikuwa mlangoni, mkono nimeshaunyoosha. Akaushika.

"Haya, bosi."

Hivyo ndivyo anavyowaaga wateja. Mpaka leo hajaniita shemeji tena.

Funzo langu ni hili. Ya boneti ya moto na rangi nyeusi mmeshayasoma, yashikeni. Lakini mimi nilidhani mtu mwenye shaka hatapeliwi. Yule dalali aliiona shaka yangu siku ya kwanza, akaitafutia mtu wa kumwangukia. Muuzaji akikwambia jambo baya la ndugu yako, kamuulize ndugu yako mkiwa wawili, kabla hujafungua mdomo mbele za watu.

Harusi inakaribia. Aliyewahi kumkosea mjomba wa watoto wake wakapatana, aniambie alianzia wapi. Za gari nichekeni tu, hizo nimeshazizoea.